Mdila Ulioona Haya

Shemeji yangu anaishi Texas, na ugonjwa wake ni kulenga shabaha. Siku za mapumziko anaenda na bastola yake uwanjani, anatoboa karatasi, halafu anainama kuokota maganda ya risasi kama mtoto chini ya mwembe. Alipokuja Ujiji likizo, bila bastola wala ganda, alitukalisha barazani jioni nzima akiyasimulia hayo maganda.

Ganda ndilo la thamani, anasema, hutumika tena na tena. Unalikagua lisiwe na ufa, unatoa fataki iliyoungua, kile kiwashio cha baruti kitakoni, unaliosha, unalipitisha kwenye kalibu lirudi kipimo chake maana mlipuko huwa umelitanua. La bastola ya milimita 9 urefu wake usizidi milimita 19.15. Hapo nilishaanza kusinzia. Nikazinduka alipofika kwenye kuosha: pipa dogo linalozungushwa na mota, maji, vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu, tone la sabuni ya vyombo na chembe ya unga wa ndimu. Baada ya saa mbili tatu shaba nyeupe inatoka inameta utadhani dhahabu ya Geita.

Nikageukia kabatini. Mdila wa mama mkwe, birika la kahawa la shaba hiyohiyo aliloachiwa na bibi yake, umekuwa mweusi kama sufuria la maharage. Na mwenyewe anakuja Ijumaa kutoka Uvinza, kwenye posa ya binti yetu.

Mota sina. Ndoo ya rangi ya lita 20 ninayo, na watoto wa mtaa ndio usiseme. Vijiti vya shemeji sina, ila misumari ya inchi moja ipo nusu kilo. Chembe ya unga wa ndimu nikaipima kwa upawa. Nikatia miwili.

Watoto wakaibingirisha ndoo kutoka mwembeni hadi kisimani na kurudi, kwa ujira wa maandazi. Kelele zake, jirani alidhani tumenunua mashine ya kukoboa. Jioni ilikuwa Simba na Yanga, nikaondoka, nikaisahau.

Asubuhi nafungua kifuniko: mdila wa waridi. Waridi kabisa, kama fizi za mtoto mchanga. Nikampigia shemeji, akacheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena: "Shaba nyeupe ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Tindikali ikizidi inaila zinki, wekundu unabaki juu. Na misumari yako ndiyo imemaliza kazi, imeigandisha shaba iliyoyeyuka juu ya chombo. Nilisema chembe, shemeji!"

Mke wangu hakusema neno. Aliniletea jivu, nusu ya limao na gunzi la hindi, vitu anavyosugulia shaba tangu nimuoe, akarudi jikoni.

Ijumaa mama mkwe alinikuta uani nasugua, tumbo la mdila limerudi njano, shingo na mdomo bado waridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akautazama weee. "Baba Zuhura, mdila wangu umeona haya gani?"

Kabla sijajibu, kijana wa vyuma chakavu akasimamisha baiskeli yake uchochoroni, akachungulia. "Mzee, hiyo kopa? Nakupa bei kuliko ya brasi!"

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi, akakunjua kanga yake taratibu.

"Mwanangu, mizani unayo? Basi anza kumpima huyu aliyeushika."