Robo Tatu ya Pishi

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumamosi alikuja hapa Chikongola na daftari lake la hisabati, swali moja limechorwa alama nyekundu ya kukosa, bila neno lolote pembeni. Alitakiwa auandike mlinganyo y = (2/3)x − 5/4 katika umbo la Ax + By = C, namba zote ziwe kamili na A isiwe hasi. Kaandika y = 8x − 15.

Huyu mtoto hesabu anaijua. Alitafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 akapata 12. Akazidisha 2/3 kwa 12, ikawa 8. 5/4 kwa 12, ikawa 15. Kilichomponza ni ile y, kaiacha vilevile.

"Mjomba, si tumeambiwa tuondoe sehemu? Hii haina."

Kweli waliambiwa hivyo, na hapo ndipo nisipokubaliana na ufundishaji wetu. Shule ya msingi alisoma kiasi (namba ya juu ya sehemu), asili (namba ya chini) na KDS kwa Kiswahili. Kufika sekondari lugha ikageuka, akabaki na amri ya kukariri: ondoa sehemu. Kwa nini zinaondoka, na kwa gharama gani, hakuna aliyemweleza.

Nikamwita bibi yake, aliyekuwa anapepeta mbaazi uani. "Mama, robo tatu ya pishi ni nini?"

"Vibaba vitatu," akajibu, ungo haukusimama.

Pishi moja ni vibaba vinne. Mbaazi hazikuongezeka wala kupungua, kilichobadilika ni kipimio, na sehemu imetoweka. Lakini ukianza kupima kwa kibaba, pima zote kwa kibaba. Ukihesabu gunia moja kwa pishi na jingine kwa kibaba, halafu ukajumlisha namba hizo, hapo umejidhulumu mwenyewe. Mpwa wangu upande wa kulia alipima kwa kibaba, y akaiacha kwenye pishi.

Akaelewa papo hapo. Akaandika 12y = 8x − 15, kisha 8x − 12y = 15. Tukajaribu x = 3: mlinganyo wa mwanzo unatoa y = 3/4, na 24 − 9 ni 15. Jibu lake la zamani lingetoa 9. (Wanaobadili 2/3 kuwa 0.67 ili wakwepe kazi hii, wajue wamechora mstari mwingine.)

Umbo hili mimi nalipenda kwa sababu linafichua kilichojificha ndani ya sehemu. 8 na 12 zote zinagawanyika kwa 4. Kwa hiyo x na y zikiwa namba kamili, upande wa kushoto lazima ugawanyike kwa 4, na 15 haigawanyiki. Nikamwambia mstari wake hautapita hata mara moja pale x na y zote ni namba kamili.

Hakuniamini. Akachukua rula na karatasi ya grafu, akauchora kutoka −6 hadi 6, kila mraba kizio kimoja, akaanza kupitisha ncha ya penseli kwenye makutano ya mistari, moja baada ya jingine.