Aliyevaa taji ndiye anayelisha

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka sita aliomba bethidei ya kifalme. Sikushangaa. Tunaishi Leicester, Uingereza, mji ambao mwaka 2012 walifukua mifupa ya Mfalme Richard III chini ya maegesho ya magari, na Machi 2015 wakamzika upya kwa heshima zote katika kanisa kuu la mjini. Watoto wa hapa wanakua na habari hiyo. Tena Mei 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, chekechea yao ilishinda ikikata mataji ya karatasi ya dhahabu. La kwake lilikaa juu ya friji mpaka likapinda.

Kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, bethidei ya mtoto haikuwa na kadi. Unamwambia jirani mmoja, habari inafika mtaa mzima. Pilau inapikwa kwa kukisia, na wanaingia hata watoto ambao majina yao huyajui. Keki ikikatwa, mwenye siku yake anamlisha bibi, anawalisha wazazi, kisha wenzake mmoja mmoja, kwa mkono wake mwenyewe. Akijisahau kidogo, kaka zake wanammwagia ndoo ya maji, na hapo ndipo sherehe inapochangamka.

Hapa kadi ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza: saa nane mpaka saa kumi. Wazazi wanajibu kabla ya tarehe uliyotaja, wanakuandikia na kile ambacho mtoto wao hawezi kula. Kashata za karanga nilizifuta kwenye orodha siku ya kwanza, nikabaki na za nazi. Ukumbi unaukodi kwa saa, na ndani ya hizo saa unahesabu kupamba na kufagia. Kuna mchezo wa kupitisha kifurushi muziki ukilia. Muziki ukizima, aliyekishika anabandua karatasi moja, na mama mwenye busara anahakikisha unazima mbele ya kila mtoto angalau mara moja. Mwisho kila mgeni anaondoka na kimfuko chake cha zawadi.

Utaratibu huu naupenda, na nasema hivyo nikijua nyumbani kuna watakaonuna. Nilipokuja likizo nilihudhuria bethidei ya mtoto Dar es Salaam. Mapambo yalifika darini, watu wazima walishona sare, MC alishika maikrofoni, michango ilitangazwa. Ilipofika saa tatu usiku keki ilikuwa haijakatwa, na mwenye siku yake alikuwa amelala kwenye kiti na viatu vyake vipya miguuni. Iliniuma. Saa mbili za hapa, zote za watoto, zinamheshimu mtoto kuliko usiku mzima wa wakubwa.

Lakini nilipofika kwenye ufalme wenyewe nilikwama. Mapambo yanayouzwa yana wazo moja tu: kasri la maboksi, kiti cha enzi cha kukodi, gauni linalowasha shingoni. Mtoto mmoja anakaa juu, wenzake wanapita mbele yake wakiweka zawadi. Nilikaa na karatasi yangu ya mipango usiku mmoja nikajiuliza: hivi ndivyo mwanangu atakavyojua malkia ni nani? Mtu wa kuletewa?

Mimi nimelelewa na hadithi ya Mbegha, mfalme wa kwanza wa Wakilindi huko kwetu Usambara. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Unguu, aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi. Akapanda milima ya Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Nyama akawagawia wenyeji. Wenyeji wakampa chakula cha shambani. Baadaye, walipokuwa wakimpeleka Vuga, mji uliokuja kuwa makao ya wafalme wa Wasambaa, akaua simba njiani usiku, na watu wa Vuga wakamtawaza. Wafalme wa ukoo wake, Wakilindi, wakaitwa Simba Mwene, yaani Mfalme Simba. Na wazee wa Kisambaa walikuwa na kipimo cha mfalme: anazifya shi au anabana shi, anaiponya nchi au anaiharibu? Kupona kwa nchi kulionekana kwenye mvua na kwenye chungu cha kila nyumba.

Mtu aliyetawazwa kwa kugawa nyama! Nikafuta kiti cha enzi, nikaandika kadi upya: tafadhali msilete zawadi, kila mtoto aje na ndizi moja.

Wazazi watatu walinitumia ujumbe kuuliza kama nimekosea kuandika. Mmoja nilizungumza naye robo saa kwenye lango la shule, nikamsimulia Mbegha mpaka kengele ikalia.

Kitambaa nilikifuata Belgrave Road, kwenye maduka ya sari. Mama wa Kihindi aliyenihudumia alizaliwa Jinja, familia yake ikaondoka Uganda mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, na Kiswahili chake bado kizima. Nilipomwambia ni joho la simba kwa mtoto wa miaka sita, alinipimia mita tatu za manjano, akaongeza nusu mita bila kuilipisha. "Mfalme anakua, mama," aliniambia. Majoho ya wageni yalikuwa kanga, nilizoazima kwa Waswahili wenzangu wa hapa mjini na kuzifunga mabegani.

Walikuja watoto 22. Kwanza waliwafukuza nguruwe wa karatasi kutoka shambani, na ukumbi ulitetemeka. Kisha binti yangu, na joho lake na taji alilolikata mwenyewe, akasimama nyuma ya meza. Kila mtoto alimpa ndizi, naye akampa mishikaki ya kuku, niliyoitoa kwenye vijiti mapema maana vijiti na watoto wadogo havikai pamoja. Yeye mwenyewe alikula wa mwisho. Sikumlazimisha, nilikuwa nimemwambia tu kwamba mwindaji hagusi mpaka watu wote wapate. Mtoto mmoja mpole, ambaye darasani huwa haongei, alirudi kwenye foleni mara tatu na ndizi ileile, na mara zote tatu alipewa.

Keki niliikata ndogondogo. Kulishana kwa vidole nilikuacha, nikatumia vijiko, kila mtoto na chake, kwa sababu nina wajibu kwa watoto wa watu. Hilo sikuona kama nimepoteza kitu. Mkono ulikuwa ni wake.

Mama yangu alitazama kwa simu kutoka Lushoto. Saa kumi na robo akauliza, "Mwanangu, mbona wageni wanaondoka na jua bado liko juu? Mmewakosea nini?" Nikamweleza muda wa ukumbi umekwisha. Akanyamaza kidogo, akaomba apewe mjukuu wake.

"Umekula, Simba Mwene?"

"Nimekula, bibi. Zimebaki ndizi nyingi."

"Wapelekee majirani."

Tukafunga ukumbi, tukabeba ndizi, tukagonga milango sita ya mtaa wetu. Miwili ilikuwa ya watu ambao kwa miaka minne sikuwahi kuwajua majina.