Namba ya simu siyo namba, tuanzie hapo

Jumamosi moja nilikuwa kwa mama mmoja hapa Moshi, mweka hazina wa kikoba cha akina mama wanaouza ndizi na maparachichi soko la Mbuyuni, kaniomba nimtengenezee kaprogramu ka kujumlisha hisa maana daftari lao lishamwagikiwa chai mara mbili. Nikamwambia mama hiyo kazi ya nusu saa tu, naiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikaandika mistari kama kumi hivi nikamsogezea laptopu ajaribu mwenyewe. Akabonyeza 5000, enta, akabonyeza 5000 nyingine, enta. Jumla ikaja 50005000. Mama akavua miwani, akaifuta na kitenge, akaivaa tena. "Mwanangu, hii si milioni hamsini? Ziko wapi?"

Aisee nilitamani ardhi inimeze. Kwa wasiojua, ile input() ya Python 3, amri ya kupokea anachobonyeza mtu, hata uijaze tarakimu tupu inakurudishia maandishi, yaani stringi, na alama ya + ikikuta stringi mbili haijumlishi, inaziunga tu moja nyuma ya nyingine. Dawa yake ni kuizungushia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, basi, sekunde tano. Mimi hapo nimeandika programu miaka kadhaa na bado nimeingia mkenge mbele ya mama wa watu.

Sasa ugomvi wangu uko hapa. Madogo wengi wanaojifunza siku hizi hizi aina za data wanapitishwa juu juu kama mwalimu anaita majina, inti ni namba nzima, floti ina desimali, stringi maandishi, buliani ni kweli au si kweli, haya tumemaliza twendeni tukatengeneze apu. Wanakariri. Halafu muulize dogo namba ya simu ni aina gani, atakwambia inti, si ina tarakimu? Ukiigeuza inti ile sifuri ya mbele inapotea, 07 inakuwa 7, halafu unashangaa meseji haziendi. Mimi kipimo changu ni kimoja tu, je utaijumlisha? Namba yangu ya simu nikijumlisha na yako tunapata nini? Hatupati kitu. Basi hiyo siyo namba, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, weka stringi. Namba ya kitambulisho hivyo hivyo, namba ya uanachama 007 hivyo hivyo.

Na hawa akina mama wanayajua haya mambo kuliko sisi, ila tu hawayaiti hivyo. Kwenye daftari lake mtu aliyekuja kikaoni bila hela kaandikiwa 0, asiyefika kabisa kachorewa kistari. Mimi kwenye programu niliwawekea wote 0, mama akagoma, "huyu alikuja, huyu hakuja, na faini zao haziko sawa." Tena yuko sahihi kabisa! Python ina 0 na ina None, yaani hakuna kilichoandikwa, na siyo kitu kimoja, nilikuwa najua hilo kichwani ila mkono haukujua.

Halafu kuna JavaScript, lugha nyingine ya kuandikia programu, wapenzi wake mnisamehe. Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi na mimi naona siku hizo kumi zinaonekana. Iambie "5000" + 2000 inakupa "50002000", iambie "5000" - 2000 inakupa 3000, yaani kwenye kujumlisha inaona maandishi, kwenye kutoa inaona namba, na haikuambii chochote. Python ukichanganya stringi na inti hivyo inakataa papo hapo, inakutupia TypeError, yaani kosa la aina ya data. Bora lugha inayonigombeza kuliko inayonichekea hesabu ikiwa imeharibika.

Sikumaliza aibu siku ile. Sheria yao ya mkopo ni mwisho mara tatu ya hisa zako, mimi nikaandika mkopo < hisa * 3. Mama wa kwanza kujaribu ana hisa za laki moja, anataka laki tatu kamili, programu ikamnyima. Alama niliyoweka maana yake ni "chini ya", na mara tatu kamili ni haki yake, ilitakiwa ya "chini ya au sawa na", <=, alama moja hiyo tu. Ameniangalia vile, nadhani hata leo hajanisamehe.

Floti sitazisema sana, ila hela usiziweke floti. Nenda kaandike 0.1 + 0.2 uone, inakuletea 0.30000000000000004, siyo mbovu, ni kwamba sehemu ya kumi haiandikiki kamili kwa mfumo wa mbili ndani ya kompyuta. Bahati yetu senti hatuzitumii, shilingi ni inti tu.

Kilichobaki sasa ni kugawana faida, maana mwezi wa kumi na mbili wanavunja na kila mtu anataka cha kwake kabla wageni wa Krismasi hawajapanda kutoka Dar. Nikamwonyesha mfano wa 100000 kwa watu 7. Ukitumia / inakuja 14285.714285714286, ambayo hakuna mtu wa kuipokea. Ukitumia // inakuja 14285, na % inakupa baki, 5. Nikajiona nimefika. Mama akasema hiyo 14285 nitailipaje, sarafu ndogo niliyo nayo ni hamsini. Kwa hiyo tukagawa kwa hamsini hamsini, kila mtu 14250, ukipiga 100000 % 350 (hamsini mara watu 7) inabaki 250, na yeye alishaitamka kabla sijabonyeza enta, "hiyo inaingia mfuko wa jamii, kila mwaka tunafanya hivyo." Alama yenyewe ya % anasema ameizoea kwenye mabango ya punguzo la bei tu.