Waja leo, waondoka leo, walipie siku 90

Mtalii aliyelala Diani, Kenya, yuko karibu na Tanga kuliko yule aliyelala Dar es Salaam. Anatoka Ukunda, anapita Msambweni, anafika Lunga Lunga, anavuka mpaka Horohoro, na baada ya kilomita kama 65 za lami yumo Tanga mjini. Tena kabla hajaingia mjini ameshapita jirani na Mapango ya Amboni. Lakini wageni hao wanaojaza fukwe za kusini mwa Mombasa huku kwetu hatuwaoni. Tumekaa tunasubiri wa Arusha, ambao wakimaliza Serengeti wanapanda ndege kwenda Zanzibar na kutupita kwa juu.

Ukiuliza vijiweni Ngamiani kwa nini, utaambiwa Tanga haijatangazwa. Kweli, haijatangazwa. Ila hata ukibandika picha za Pangani kwenye kila hoteli ya Diani, mgeni akianza kupiga hesabu ya kuvuka mpaka atabaki kwenye bwawa lake la kuogelea.

Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, na inampa mgeni hadi siku 90. Kwa anayekuja kupanda Kilimanjaro, hiyo ni chenji. Lakini huyu wa Diani anataka kulala Tanga usiku mmoja au mawili tu, aone Amboni, ale samaki, ashuke Tongoni akatazame magofu na makaburi ya zamani, arudi. Yeye na mkewe watatoa dola 100 kabla hawajanunua hata dafu. Wakiwa Wamarekani ndiyo kabisa: wao hutakiwa kuchukua viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, dola 100 kwa kila kichwa. Mji wenyewe sifa yake ni waja leo waondoka leo, mlangoni tunauza miezi mitatu.

Halafu kuna jambo ambalo hata wenye nyumba za wageni wengi hawalisemi: kadi ya manjano. Mzungu anayetoka moja kwa moja Ulaya kwenda Kenya haulizwi cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anakula likizo yake salama. Lakini Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo akija Horohoro kwa barabara anahesabiwa ametoka kwenye nchi yenye homa ya manjano, na cheti anatakiwa awe nacho. Tuseme basi akachanje Mombasa. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na likizo yake yote ni wiki mbili! Chanjo yenyewe siku hizi ni ya maisha, tangu 2016 hakuna tena kurudia kila baada ya miaka 10, lakini hilo linamfaa aliyejua mapema, akiwa bado kwao. Sipingi sharti hili. Ugonjwa ni ugonjwa. Ninachopinga ni mtu kuja kulijua akiwa ameshafika mpakani na begi lake.

Turudi kwenye viza, maana hapo ndipo serikali ina uwezo wa kufanya kitu kesho asubuhi ikitaka. Tayari tunayo viza ya kupita njia: dola 30, isiyozidi siku saba. Tatizo ni kwamba imewekwa kwa anayepita kwenda nchi nyingine, si kwa anayeingia Tanga akageuza alikotokea. Mimi naomba ndugu yake azaliwe: viza ya mwambao, ya siku nne au tano, kwa bei ndogo, inayotolewa Horohoro na kuishia mikoa ya pwani. Atakayenogewa akataka kwenda Ngorongoro, aongeze tofauti.

Najua jibu la wizarani: tutapoteza mapato. Mapato gani? Dola 50 ya mtu asiyekuja haipo. Anayekuja kwa dola 15, akalala, akakodi gari, akamlipa kiongozi wa watalii kule Amboni, huyo ameacha fedha, na ameziacha Tanga. Na tusijidanganye kwamba majirani wamelala. Kenya, Uganda na Rwanda wana viza yao moja ya utalii ya dola 100 tangu 2014, mgeni anazunguka nchi tatu kwa karatasi moja. Sisi hatumo. Zilitolewa sababu za usalama na za mapato, na nyingine nazielewa, lakini kama hatutaki kuingia kwao basi tuwe na chetu.

Tena kituo chenyewe kipo. Horohoro na Lunga Lunga siku hizi ni kituo cha pamoja, unakaguliwa upande mmoja tu. Tumejenga mlango mzuri, wanaoutumia ni malori, mabasi na Wadigo wanaokwenda kuzikana ng'ambo.

Kabla serikali haijatusikia, wenye nyumba za wageni wa Tanga na Pangani waanze na kilicho mikononi mwao. Waandike masharti kwenye kurasa zao, juu kabisa, si chini pamoja na bei ya kufua nguo. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Kadi ya manjano kwa anayepitia Kenya, achanje akiwa kwao. Mgeni ahakikishe pia Kenya itampokea akirudi. Na anwani halisi ya Uhamiaji ya kuombea viza, visa.immigration.go.tz, iandikwe herufi kwa herufi, kwa sababu mtandaoni zimejaa tovuti za madalali zenye nembo za kuvutia zinazomtoza mgeni zaidi ya bei ya serikali, na akifika kwetu ameshanuna.