Takwimu za Ziwa Huharibikia Kwenye Boti

Katika kozi nyingi za ikolojia ya maziwa, alama nyingi huenda kwenye ripoti ya mwisho, na ndani ya ripoti hiyo macho ya msahihishaji hukimbilia grafu. Daftari lililolowa maji kwenye boti halifunguliwi na mtu. Naona hapo tunapima kitu kisicho chenyewe. Spektrofotomita, mashine ya maabara inayopima rangi ya sampuli kwa mwanga, inapowashwa, makosa makubwa huwa yameshafanyika saa kadhaa nyuma: kamba ililala upande, kiputo kilibaki chupani, kichujio kiliachwa juani. Mashine ya maabara haiyaoni makosa hayo, sembuse kuyafuta. Itatoa tarakimu tatu baada ya nukta bila kusita.

Tuanze na kina, kwa kuwa mengine yote yanakitegemea. Kituo kikuu huwekwa mahali penye kina kirefu zaidi, halijoto ikapimwa kila mita 1 kutoka juu hadi karibu na tope, ndipo inapoamuliwa chupa ya sampuli ishuke hadi wapi. Wanafunzi hufundishwa kwamba tabaka la mpito, pale maji ya juu yanapoachana na maji ya chini, hutambulika halijoto inaposhuka kwa nyuzi 1 au zaidi kwa kila mita. Kanuni hiyo ilitoka kwa Edward Birge mwaka 1897, aliyefanya kazi kwenye ziwa moja katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na kwenye maziwa ya joto inapotosha. Maji yakitoka nyuzi 4 kwenda 5, mita moja ya ujazo hupungua uzito kwa gramu 8 hivi tu. Yakitoka 24 kwenda 25, hupungua kwa karibu gramu 250. Kwa hiyo hata nusu nyuzi inaweza kutenganisha matabaka katika ziwa la maji moto, na anayesubiri nyuzi nzima ataandika kwamba ziwa limechanganyika wakati chini hakuna oksijeni kabisa.

Kisha kamba. Upepo ukisukuma boti, kamba huinama. Ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, mita 20 za kamba ni mita 17.3 za kina. Tofauti hiyo yaweza kukupeleka upande mwingine wa tabaka la mpito, na hakuna kitu kwenye chupa kitakachokuambia. Tia nanga, ongeza uzito chini ya chupa, na kama kamba bado inalala, pima pembe uiandike. Alama za mita ziwekwe kamba ikiwa imeloweshwa na kuvutwa, maana kamba nyingi hubadilika urefu zikilowa.

Sahani ya Secchi, inayopima uangavu wa maji, ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachotumiwa ovyo kuliko vyote. Angelo Secchi alikijaribu baharini mwaka 1865. Cha maziwani huwa na upana wa sentimita 20, robo nyeupe na robo nyeusi kwa kupokezana. Kishushwe upande wa kivuli wa boti, jua likiwa juu, bila miwani ya jua. Andika kina kinapopotea na kina kinapoonekana tena, chukua wastani. Wengi huandika cha kwanza tu.

Oksijeni ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Vihisi vya kisasa ni vizuri, lakini nashikilia kwamba mwanafunzi asikabidhiwe kihisi kabla hajaweza kupima oksijeni kwa njia ya kemikali ya Winkler, iliyotoka mwaka 1888 na bado ndiyo hakimu wa vihisi vyote. Mrija wa mpira wa chupa ya sampuli hushushwa hadi kitako cha chupa ya mililita 300, maji yakaachwa yafurike mara 2 hadi 3 ya ujazo wa chupa, mpira ukatolewa polepole. Weka mililita 1 ya salfeti ya manganizi na mililita 1 ya mchanganyiko wa iodaidi, alkali na azaidi, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji. Funga, pindua chupa mara kadhaa, acha mashapo yashuke hadi nusu, pindua tena. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo. Yakiwa meupe, haipo. Yote haya hufanyika hapo hapo kwenye boti. Ile azaidi si pambo: bila hiyo, naitraiti iliyo ndani ya maji huongeza matokeo.

Kiputo ndicho adui. Nusu mililita ya hewa ina takriban miligramu 0.14 za oksijeni. Ikiyeyuka yote ndani ya mililita 300, inaongeza karibu nusu miligramu kwa lita. Kwenye maji ya juu hilo halitashtua. Kwenye maji ya chini, nusu miligramu ndiyo inayotofautisha ziwa lenye hewa kidogo na ziwa lililokosa hewa kabisa, na ndiyo inayoamua kama fosforasi itafunguka kutoka kwenye tope.

Maabarani huongezwa mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki, mashapo yakayeyuka na kutoa iodini kulingana na oksijeni iliyokuwepo, kisha huchukuliwa mililita 201 (zile mbili za kemikali zilisukuma nje maji ya ziwa, ndiyo maana si 200). Hapo hudondoshwa thaiosalfeti ya 0.025 M, ambapo kila mililita 1 iliyotumika ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Wanga, unaoonyesha mwisho wa kipimo kwa rangi ya buluu, usiwekwe mapema: ngoja rangi ipauke hadi manjano hafifu. Ukiwahi, iodini nyingi hung'ang'ania wanga na mwisho wa kipimo unakuwa wa kubahatisha.

Kihisi nacho kina mtego wake, mwinuko. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hushika miligramu 8.26 za oksijeni kwa lita yakijaa. Mita 1,100 juu ya usawa wa bahari ni kama 7.2. Anayeingiza kwenye kihisi kanieneo ya hewa ya taarifa za hali ya hewa, ambayo kwa kawaida imeshapandishwa ilingane na usawa wa bahari, atasoma zaidi ya asilimia 10 juu ya ukweli kwenye ziwa zima. Ingiza kanieneo halisi ya hapo ulipo. Na saa ya kipimo iandikwe: oksijeni na pH za juu hupanda mchana mwani unapofanya usanisinuru na kushuka usiku, hivyo kulinganisha kituo cha saa 3 asubuhi na kituo cha saa 9 alasiri ni kulinganisha saa, si vituo.

Klorofili, rangi ya kijani ya mwani, huharibikia kwenye mwanga. Chuja kwa kichujio cha nyuzi za kioo, kivuli kikiwepo, kwa mvuto mdogo, kwa sababu pampu ikivuta kwa nguvu seli hupasuka na rangi hupita na maji. Chuja mpaka rangi ionekane kwenye kichujio, kisha andika ujazo. Mara ngapi ujazo husahaulika, na bila huo kichujio ni takataka tu. Kikunje, kifunge kwa karatasi ya alumini, kigandishe. Maabarani husagwa ndani ya asetoni ya asilimia 90, kikalala usiku mmoja gizani kwenye nyuzi 4, kikazungushwa kwenye sentrifuji na kusomwa kwenye kikombe cha kioo. Kikombe cha plastiki ya polistirini asetoni hukila. Soma nanomita 750 na 664, tia tone la asidi hafifu, ngoja sekunde 90, soma 750 na 665. Toa kila mara ile ya 750, ambayo ni ukungu wa chembe tu. Uwiano wa vipimo kabla na baada ya asidi huwa karibu na 1.7 kwa klorofili nzima na karibu na 1.0 kwa iliyooza. Ukipata 1.1, usikimbilie kuandika kwamba mwani ulikuwa unakufa. Uliza kwanza kichujio kilikaa wapi.

Fosforasi ni hadithi ya uchafu. Umuhimu wake haubishaniwi sana tangu mwaka 1973, Ziwa 226 huko Ontario, Kanada, lilipogawanywa kwa pazia: pande zote mbili zikapewa kaboni na naitrojeni, upande mmoja ukaongezewa fosforasi, na ni upande huo ulioota mwani mpaka ukawa wa kijani. Lakini tunachotafuta mara nyingi ni mikrogramu chache kwa lita, na chupa iliyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti huweza kuzidi ziwa lenyewe. Osha kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, suuza kwa maji safi ya maabara, na chuja kwa mikromita 0.45 mapema iwezekanavyo, kwa kuwa viumbe ndani ya chupa wanaendelea kula. Rangi ya buluu inayotokea molibdeti ikikutana na fosfeti isomwe nanomita 880, kati ya dakika 10 na 30 baada ya kuchanganya. Zaidi ya yote, beba maji safi ya maabara hadi ziwani, yachuje kule kule kwa vifaa vile vile, uyapime kama sampuli. Hiyo sampuli tupu ndiyo ningeitaka iwe mstari wa kwanza wa kila jedwali.

Kwenye viumbe nitapita haraka. Wavu wa kunasa wanyama wadogo waeleao, wenye upana wa sentimita 30, ukivutwa mita 10 huchuja kinadharia mita za ujazo 0.7, lakini mwani ukiziba matundu maji hukwepa pembeni, na hesabu inashuka bila wanyama kupungua. Vuta kwa nusu mita kwa sekunde, na funga kipima mtiririko mdomoni mwa wavu. Mwani wa kuhesabiwa uhifadhiwe kwa Lugol, dawa ya iodini, hadi maji yafanane na chai ya rangi isiyokolea, kwenye chupa ya kioo, na hadubini isiachwe kabla ya kuhesabu vipande 400 hivi, ambavyo hukupa uhakika wa asilimia 10 juu au chini. Kikamata tope cha Ekman kikipanda na jiwe mdomoni, mwaga urudie.

Najua jibu la wakufunzi: muda wa boti ni mfupi na mafuta yana gharama, kwa hiyo ukifanya yote haya vituo 10 havimaliziki. Basi vipunguzwe viwe 2. Kila kimoja kichukuliwe sampuli tatu za kila kipimo, sampuli tupu moja, na Winkler ya kukagua kihisi, kisha boti irudi hapo hapo alfajiri ya siku ya pili.