Mi na shemeji ndani ya trela, na mambo ya sitini kwa arobaini

Jamani ngoja niwape hii mapema, maana mama watoto kasema nisipoisema mimi ataisema yeye kwenye kikao cha harusi, na mke wangu akianza kusimulia kitu anakitia chumvi mpaka kinakuwa kachumbari.

Naishi Texas, Arlington, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Miaka yote hii nimebeba boksi, na sisemi kwa mafumbo, boksi kweli za makaratasi, ghalani, zamu ya usiku, mpaka kiuno kikaanza kunidai. Ndo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaja na wazo la kuosha makapeti. Akasema shemeji hebu angalia, nyumba za hawa watu kapeti limeanzia ukuta huu mpaka ukuta ule, limepigiliwa chini, huwezi ukalikunja ukaenda kulianika juani kama mazulia yetu nyumbani, af mbwa analala humohumo, mtoto anamwaga juisi humohumo, sasa nani analiosha? Nikaona hapo kuna hela.

Wenye mtaji mashine wanaifunga ndani ya van. Sisi mtaji wetu uliishia kwenye trela, yale ya sanduku yaliyozibwa kote, futi 6 kwa 12, ekseli moja, limeandikwa ubavuni mwisho paundi 2,990 pamoja na uzito wa trela lenyewe. Nyuma lina mlango unaolala chini unakuwa daraja la kupandishia vitu, ubavuni kuna kamlango kadogo ka mtu. Mashine yenyewe tukainunua kwa mzee mmoja mzungu anastaafu, magoti yamegoma. Ina injini ya petroli, injini inazungusha pampu na bloa, yani feni la kuvuta hewa, joto la injini linachemsha maji, maji yanaenda yamoto kwa presha kwenye kampira kembamba mpaka ndani ya nyumba ya mteja, af mpira mnene unayavuta yakiwa machafu yanarudi kwenye tenki lingine. Wenyewe wanaita kuosha kwa mvuke. Mvuke hamna pale, ni maji ya moto tu, ila ukimwambia mteja mvuke analipa vizuri.

Dola 4,500. Mashine, matenki mawili ya galoni 100 100, mipira futi 150 na gurudumu lake la kuzungushia. Hiyo bei ishikeni. Kwa mama watoto tulisema 2,800. Maana hela ilitoka kwenye mchezo wake na wenzie, yeye ndo kijumbe, na nyie mnajua hela ya mchezo ilivyo na macho.

Sasa yule mzee wakati anatuonyesha mashine inavyowaka akatuita pembeni, injini inanguruma, bloa inapiga kelele kama ndege inataka kuruka, na Kiingereza chake kile cha Texas cha kutafuna maneno, tukaambulia kitu kimoja tu: sikstii-foti. Akarudia, sikstii-foti, vijana, akanyoosha kidole, watu wamekufa kwa hii kitu. Mi nikatikisa kichwa. Shemeji akatikisa kichwa. Tukapeana mikono na mzee wa watu tukaondoka.

Njiani kimyaaa. Mwisho shemeji akasema, "Mzee kaongea la maana sana."

Nikasema sana.

"Biashara ya ndugu isipowekewa asilimia mapema watu wanauana kweli."

Nikasema kabisa, sitini kwa arobaini, lazima mmoja awe mkubwa.

"Na mwenye wazo ndo mwenye sitini, au sio shemeji?"

Hapo ndo vita ilipoanzia. Kutoka kwa yule mzee mpaka nyumbani ni dakika 40 na hatukusikiliza hata redio. Mi najenga hoja kwamba trela liko kwa jina langu na hela ni ya mke wangu, yeye anajenga hoja kwamba mke wangu ni dada yake alimjua kabla yangu.

Jumamosi tukaanza kufunga. Shemeji kaangalia video YouTube wiki nzima kwahiyo yeye ndo injinia. Akasema mashine ikae nyuma karibu na mlango, ili ikiharibika unashusha mlango unaitengeneza umesimama nje kwenye hewa. Ikaingia akilini. Tukaifunga kwa bolti nne mpaka chini kwenye chuma. Tenki la maji safi nalo tukaliweka nyuma pembeni ya mashine, ili mipira iwe mifupi. Likafungwa kwa kamba, ile ya katani, fundo za shemeji. Lile la maji machafu tukaliacha tupu hapohapo. Tundu la moshi wa injini tukalitoboa mpaka nje, hilo nampa sifa, moshi wa petroli ndani ya sanduku lililozibwa unakulaza usiamke, ila katika kutoboa akapita na waya wa taa za nyuma, tukasema hiyo tutashughulika nayo baadae. Lile gurudumu la mipira, zito kama mtungi mkubwa wa gesi, tukalipigia bolti mbele pale kwenye kamlango ka ubavuni. Mlango unafunguka vizuri tu, ila likabaki pengo la kupita paka. Paka mwembamba.

Yani ukilitazama trela mbele peupeee, unaweza kucheza kiduku, na vitu vyote vya uzito vimejazana nyuma ya matairi. Na gari hatujaliunganisha. Trela limesimama kwa kijeki chake cha mbele na matairi tumeyawekea tofali.

Sasa saa ya majaribio. Tukapitisha mpira wa bustani kwenye lile pengo la paka, tukauchomeka kwenye tenki, tukafungulia. Manyunyu yakaanza, upepo, shemeji akavuta mlango wa nyuma kwa kamba kutokea ndani tusilowe. Junior wangu ana miaka 7, alikuwa nje anachezea vumbi, na kwa kuwa baba yake kila siku namsisitiza mlango ukifungwa weka komeo, mtoto mtiifu akaweka komeo. Yale makomeo ya nondo, yako nje tu, ndani hamna hata pa kushika. Af akaenda zake ndani kuangalia katuni.

Hatukujua. Tuko bize tunabishana sitini ya nani.

Galoni moja ya maji ina paundi kama 8 na kidogo. Galoni 100 ni zaidi ya paundi 800, kwa kilo ni kama 380, yani ng'ombe mzima anaingia taratibu kwenye mkia wa trela wakati nyie mnaongelea faida ambayo haijapatikana. Likafika kama robo tatu. Nikasikia mbele kijeki kimelia kriiik. Nikamwambia shemeji umesikia? Akasema ni bati linatanuka. Akapiga hatua moja kuja nyuma nilipo mimi ili anionyeshe kitu kwenye mashine.

Hatua moja.

Mbele ikanyanyuka kama punda aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mkia ukashuka PUUU, mi nikakaa, shemeji akanikalia, tenki likakata kamba likatelezea mlangoni, mpira ukachomoka ukaanza kurukaruka kama nyoka kapigwa mawe, unatumwagia maji ya baridi usoni, na ndoo ya sabuni ya unga ya kapeti, mpya, haijafunguliwa mara mbili, ikaja kumalizikia mapajani mwangu. Maji na ile sabuni havihitaji kubembelezwa. Ndani ya dakika mbili tuko kwenye povu mpaka kiunoni.

Simu yangu iko kwenye gari. Ya shemeji iko ndani ya povu, inaita, tunaisikia, hatuioni.

Tukasukuma mlango wa nyuma, wapi. Tukasema basi ule wa ubavuni, sasa uko juu mlimani, sakafu ina sabuni, ukipanda hatua tatu unarudi nne kwa makalio. Mwisho nikambeba shemeji mabegani, kilo 90 ile, akafika kwenye pengo la paka akatoa mkono nje akaupunga kwa nguvu zote. Ng'ambo ya barabara kuna bibi mmoja, jirani mwema sana, alikuwa barazani kwake. Huku watu hata hamjuani mnapungiana. Bibi akaona mkono mweusi unapunga kutoka kwenye trela lililoelekea mbinguni.

Akapunga.

Shemeji akapunga zaidi. Bibi akapunga kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Nilichoka. Tukashuka tena kwenye povu, na kwa hasira nikasema haya yote ni kwa sababu ya tamaa yako ya sitini, na shemeji akasema nani mwenye tamaa, mimi au wewe uliyenilazimisha nimdanganye dada yangu kwamba mashine ni 2,800 wakati umetoa 4,500.

Kimya. Af sauti kutoka nje, ya upole kabisa, upande wa pili wa bati lile jembamba.

"Ngapi?"

Nyie. Bora ningezama.

"Mama Junior mke wangu, fungua kwanza tutaongea."

"Nimeuliza ngapi, Baba Junior."

Shemeji akaanza, "Dada shikamoo," mtu ambaye hajamwamkia tangu mwaka jana.

Hakufungua. Na kweli asingeweza, tenki lilikuwa limeegemea mlango, angefungua lingemlalia. Kwanza akaenda kufunga bomba. Akarudi akatuambia tufungue koki ya tenki maji yatoke yote. Maji yanatoka mdogomdogo kwenye ufa wa mlango, na yeye kavuta kiti cha uani, kaja na chai, nasikia kijiko kinagonga kikombe, anauliza maswali. Galoni zaidi ya 70 zile zilitoka kwa muda wa kutosha mtu kukiri mpaka vitu vya 2019 ambavyo hakuulizwa.

Maji yalipoisha trela bado liko mkao wa dua. Akasema haya tambaeni mje mbele wote wawili. Tukatambaa kwa viwiko, tulipofika tu usawa wa matairi mbele ikadondoka PAAA, kijeki kikapinda, mi na shemeji tukaenda kukumbatia gurudumu la mipira kwa pua. Ndo akatoa komeo. Povu likatoka kwanza, sisi tukafuata. Watoto wa mtaa mzima wako pale, na yule bibi kaja na keki, alifikiri tuna sherehe.

Jumapili nikampigia yule mzee kuuliza kijeki kingine napata wapi, nikamsimulia. Alicheka mpaka nikaogopa, umri ule. Ndo akanifafanulia taratibu bila injini kuunguruma: sitini ni uzito, asilimia sitini ya mzigo ikae mbele ya ekseli, arobaini nyuma, mkono wa trela uliegemee gari kwa asilimia 10 mpaka 15 hivi, kinyume chake ukiwa spidi barabara kuu mkia unaanza kuyumba na ndo hapo watu wanakufa.

Tumehamisha kila kitu. Mashine mbele, tenki juu ya ekseli, mikanda ya chuma sio katani, na gurudumu limeondoka mlangoni. Mama watoto alisimamia mwenyewe na penseli sikioni. Ukutani kwa ndani kaandika kwa maki pen, herufi kubwa, 60/40, na chini yake majina. Sitini ni ya kwake.

Shemeji alisoma, akajikuna, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa shemeji, hii arobaini yetu, mwenye wazo anachukua ngapi?"