Pesa ya stimingi Kigoma: lini uende saluni, lini ubaki nyumbani

Mi msimamo wangu ni huu na najua kuna wenye saluni hawataupenda. Kama nywele zako hazina dawa ya kunyoosha wala rangi, tritimenti (kondishona na joto, ile ambayo saluni wanaiita stimingi) fanyia nyumbani, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na pesa ya saluni itunze kwa siku ambayo kweli unahitaji mikono na macho ya fundi. Kama una dawa, umeweka rangi, au nywele zinakatika mpaka unaziokota kwenye mto asubuhi, nenda saluni na usibane pesa. Hapa Kigoma naona wengi tunafanya kinyume, mwenye nywele za asili ndo kila mwisho wa mwezi yuko chini ya stima pale Mwanga, mwenye ritachi, yaani anayerudia dawa kwenye nywele zilizoota, ndo anajipaka yai jikoni kwake.

Tuelewane kwanza, maana usipojua kinachofanyika unauziwa chochote. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa, haunywi wala hauli, kwa hiyo yale maneno ya "kulisha nywele" yaacheni kwenye makopo. Kondishona kazi yake ni kung'ang'ania pale unywele ulipoharibika, kwa sababu sehemu iliyoharibika ina chaji hasi na kondishona ina viambato vyenye chaji chanya, vikikutana vinashikana, magamba ya unywele yanalala, chanuo linapita bila kung'oa. Hiyo kazi inafanyika ndani ya dakika chache, siyo usiku kucha. Joto linasaidia, hasa kwa wale ambao nywele zao ukizimwagia maji yanabaki juu juu hayaingii. Lakini joto halipatikani saluni peke yake jamani!

Na sisi wa huku tuna jambo letu ambalo mafundi wengi hawalisemi, maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) iko karibu na 9, wakati unywele unatulia kwenye 4.5 mpaka 5.5 hivi. Sasa chukua binti wa Kibirizi au Katonga anayeoga ziwani, afu anaoshea nywele sabuni ya mche au ile ya mawese ambayo nayo ni alikali, magamba yananyanyuka, nywele zinakuwa kavu na kushikana, halafu ikifika kiangazi cha Juni mpaka Septemba hewa nayo imekauka, anaambiwa "dada nywele zako mbovu, njoo nikufanyie stimingi ya protini". Hazina ubovu wowote! Zinahitaji shampuu badala ya sabuni na kondishona kila zikioshwa, basi. Ukikosa kondishona siku hiyo weka kijiko kimoja cha siki kwenye lita ya maji, suuzia mwisho. Limao bichi usipake, lina asidi kali mno, pH yake ni kama 2.

Ninavyofanya nyumbani ni hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha napaka mafuta ya mise, yale ya kiini cha mbegu ya chikichi, kidogo kwenye nywele kavu, nakazia kwenye ncha. Narudia, mise, siyo mawese mekundu, hayo yatakuchafulia mto na harufu yake unaijua. Watu wanaagiza mafuta ya nazi kwa bei kubwa wakati sisi tumekalia michikichi. Nazi inasifiwa kwa sababu ya asidi ya lauriki, inayoweza kupenya ndani ya unywele, na kuna utafiti ulichapishwa 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini, ni nazi peke yake iliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mise karibu nusu yake ni asidi hiyo hiyo ya lauriki.

Asubuhi naosha, nakamua maji kwa fulana ya zamani, nagawa nywele mafungu manne, kila fungu napaka kondishona kuanzia kwenye ncha kupanda juu, nachambua kwa vidole kwanza ndo lije chanuo la meno mapana. Halafu kofia ya plastiki. Zamani tulikuwa tunafunga rambo kichwani, tangu Juni 2019 mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku, ila kofia zenyewe zipo kwenye maduka ya vipodozi na moja inakaa sana. Juu ya kofia nafunga taulo lililochovywa maji ya moto likakamuliwa sana, likipoa nachovya tena, nusu saa imetosha. Umeme ukatike usikatike, mimi naendelea. Na kopo moja la kondishona la kawaida, kwa pesa ya stimingi moja ya mjini, unaenda nalo miezi.

Vyakula mi siungi mkono. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani, utatoa vipande vyeupe mpaka jioni. Parachichi nalo bora ulile na chumvi. Mayonezi ni mafuta na yai, tumeshaongea.

Sasa saluni. Dawa ya kunyoosha ina pH ya 12 kwenda juu na inavunja vile vifungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu na mkunjo wake. Nywele zilizopita hapo zinahitaji protini iliyovunjwavunjwa vipande vidogo, na kipimo chake si mchezo, ukizidisha nywele zinakuwa ngumu zinakatika kama tambi mbichi. Fundi mzuri anashika unywele mmoja uliolowa, anauvuta, anaangalia unarudi au unabaki umelegea, hapo ndo anaamua protini au unyevu. Hicho ndo unacholipia! Anayekupaka kitu kile kile anachopaka kila mtu bila hata kukugusa kichwa, hajakufanyia chochote ambacho usingeweza mwenyewe. Na ncha zilizochanika hakuna tritimenti ya kuziunga, fundi mkweli atachukua mkasi.

Kinachoniuma zaidi ni hizi "keratini" za kunyoosha. Nyingi zinafanya kazi kwa fomaldehaidi, ile ile ya fomalini ya kuhifadhia maiti, ikipigwa pasi ya moto inatoka kama moshi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 2004. Kuna saluni nilikaa, jina silitaji, macho yakaanza kuwasha mpaka machozi, nikaambiwa ni kawaida mpendwa, vumilia. Nikaomba kuona kopo, wakasema wameshahamishia kwenye chupa nyingine. Nikainuka nikaenda kuosha kichwa.

Na wewe fanya hivyo hivyo, hata kama wamefika nusu kichwa. Omba kopo kabla hawajakugusa, lisome, kama halipo usikae. Mteja anavuta ule moshi mara moja kwa miezi kadhaa, lakini wale mabinti wanaojifunza kazi wapo humo kuanzia asubuhi mpaka saluni inafungwa, chumba kimoja, dirisha moja, wengine wana mimba. Wenye saluni wa mjini kwetu, nawaomba hiyo kitu muitoe kwenye bango la bei.